Kidole cha Anayewahi

Mimi ni mchelewaji na sioni haya kusema. Tangu shuleni nilikuwa naingia darasani wenzangu wako ukurasa wa pili, na kazini, kwa miaka kumi na mitatu, sikuwahi kumtangulia mtu kufika. Nalisema hili mapema kwa sababu kama ningekuwa mtu wa kuwahi, hata siku moja moja tu, haya ninayotaka kuyasimulia yasingetokea. Watu wananiambia nisijilaumu. Hao hawakuandika neno nililoliandika mimi, kwa hiyo wakae kimya.

Ila habari yenyewe kwanza ni ya Mama Vidoa, mkuu wangu wa kazi. Ni mwanabiokemia, mwanamke mfupi wa miaka hamsini na minane, miwani yake imefungwa kamba shingoni na mfuko wa koti haukosi pipi za mnanaa. Jina hilo alibandikwa na wauguzi, maana kila walipompigia simu swali lake lilikuwa moja: "Vidoa vimekauka?" Vidoa ni matone ya damu ya mtoto yaliyodondoshwa kwenye karatasi nene ya chujio na kuachwa yakauke. Hospitali zinatuletea kwa bahasha. Sisi tunatoboa kiduara kidogo katika kila kidoa, tunakitia kwenye kishimo cha sahani ya plastiki, tunaongeza maji ya dawa, kisha sahani inalala kwenye kabati lenye joto kama la mwili. Asubuhi tunaisoma kwa mashine. Kishimo cha mtoto mzima kinawaka bluu. Cha mgonjwa kinabaki giza.

Ugonjwa tunaoutafuta, mimi nilihitaji mwaka mzima kuuelewa, lakini Mama Vidoa alikuwa akiwaeleza wazazi kwa dakika mbili. Kila seli ya mwili, alikuwa akisema, ina vijifuko vya takataka. Ndani yake vimo vimeng'enya, kila kimoja na taka yake ya kukatakata. Kimoja kikikosekana, taka yake inarundikana, kijifuko kinavimba, seli inachoka, na mtoto anachoka pamoja nayo. Nyumba ikikosa mtu wa kutoa taka, hata sebule iwe nzuri namna gani, mwisho wenyewe watahama. Magonjwa ya namna hiyo yako mengi, sisi tulikuwa tunapima matano. Wa tano ulikuwa wa misuli: sukari ya akiba inajaa ndani ya misuli mpaka mtoto anashindwa kujiinua, na baadaye kupumua.

Miaka thelathini alikaa na vijifuko hivyo. Wenzake waliosoma naye wakawa wakuu wa vyuo, wakapata ofisi zenye zulia, yeye akabaki na meza ile ile karibu na sinki. Njia ya kupima magonjwa matano kwa karatasi moja ni yeye aliyeipanga, na makala alizoandika zinajaza rafu. Nilipomuuliza kwa nini alichagua kazi hii alinijibu, "Nilikuwa napenda kuosha vyupa." Nikajua hataki kusema, nikaacha.

Alikuwa mwoga. Sisemi kwa kumtukana, ndivyo alivyokuwa. Akishafunga kabati la joto atalirudia mara tatu. Amefika getini jioni, atageuka, atapanda ngazi akihema, atashika kishikio cha mlango, ndipo aende kwake. Mlinzi wetu alikuwa akimtania, "Mama, mlango haujatoroka." Mimi nilikuwa namcheka pia, lakini ukweli ni kwamba uoga ule ndio uliotufanya tuaminike. Hospitali zilijua karatasi iliyotoka kwetu imeangaliwa na mtu asiyelala usingizi.

Sasa nieleze ile sheria, maana bila hiyo hamtanielewa.

Ukitaka kujua mtoto huyu kimeng'enya chake kimepungua, lazima uwe na damu ya mtu mzima wa afya ya kulinganisha nayo, na lazima iwe mbichi ya siku ile ile, maana vidoa vikikaa vinapoteza nguvu. Profesa aliyeianzisha maabara alibandika karatasi juu ya sinki, kwa mkono wake mwenyewe: ANAYEWAHI NDIYE ANAYETOBOA. Wa kwanza kufika asubuhi anatoboa kidole chake, anadondosha damu, na hiyo ndiyo kipimo cha siku. Wakati huo walikuwa watu watano, na kila siku kidole kilikuwa cha huyu au cha yule. Kwenye daftari waliandika neno moja tu, "mzima", na namba mbele yake. Kidole cha nani, hakuna aliyeandika. Ya nini? Mzima ni mzima.

Profesa akastaafu. Wengine wakahama mmoja mmoja. Nilipoajiriwa mimi kuwa fundi wa maabara, amebaki Mama Vidoa peke yake, na mimi ni huyu huyu mnayemjua. Nikiingia saa mbili na nusu, namkuta ameshashika pamba kidoleni.

"Pilipili, karibu mchana," ananiambia.

Pilipili ndilo jina alilonipa, kwa ajili ya mdomo wangu. Na mimi namjibu, "Wewe toboa tu mama, damu yako ina baraka." Tunacheka, tunaanza kazi. Aliwahi kuniambia kwamba zamani, walipokuwa watano, namba ya mzima ilikuwa inapanda na kushuka mpaka inawakera, wakawa wanaita fundi wa mashine kila baada ya miezi miwili. Siku hizi, alisema, mashine imetulia kabisa. Alilisema kwa furaha. Na mimi nilifurahi naye, mjinga mimi.

Miaka minne kabla ya mambo haya nilimpima mtoto wa dada yangu. Dada ni fundi cherehani, anaishi ghorofa ya nne katika jengo lisilo na lifti, na ana binti mmoja tunayemwita Kasuku kwa sababu akianza kusema hana kituo. Wakati huo alikuwa na miaka mitano. Alikuwa anapanda ngazi akipumzika kila ghorofa, na akikaa chini, kuinuka kwake kulinitia wasiwasi: anapiga magoti, anaweka mikono kwenye mapaja, anajisukuma juu kidogo kidogo kama bibi kizee. Mimi mtu wa maabara, nilikuwa nimeona picha za watoto wanaoinuka hivyo. Nikamtoboa mwenyewe, nikampa pipi ya Mama Vidoa, nikaipima damu yake mwenyewe.

Ikatoka ishirini na saba, yaani asilimia ishirini na saba ya mzima wa siku ile. Mstari wetu ulikuwa ishirini. Chini ya ishirini ni mgonjwa, juu yake si mgonjwa. Mama Vidoa aliitazama namba ile muda mrefu, akavaa miwani, akavua.

"Iko chini," alisema, "lakini iko juu ya mstari. Mtoto wenu mzima, Pilipili."

Nikachukua fomu, nikaandika MZIMA kwa herufi kubwa, nikaweka sahihi yangu, nikaipeleka mbio kwa dada. Alilia kwa furaha. Akaitia karatasi kwenye mfuko wa plastiki pamoja na cheti cha kuzaliwa. Kisha akafuta machozi na kusema, "Kumbe ni uvivu tu. Sasa tutaonana."

Mafundi cherehani wana rula ndefu ya mbao ya kupimia vitambaa. Kuanzia siku hiyo, Kasuku akijivuta kuinuka, dada alikuwa anamgonga na rula ile kwenye miguu. Hakuwa anampiga kwa ukatili, ni vile wazazi wanavyofanya wakiona mtoto anadeka. "Inuka kama watu," anamwambia. "Hata mama mdogo wako kakupima, huna kitu." Na mama mdogo mwenyewe nimekaa pale kwenye kiti, nakunywa chai, natikisa kichwa kukubali.

Basi. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, Mama Vidoa alikwenda kwenye mkutano wa wanasayansi, siku nne. Aliniachia funguo na kurasa tatu za maagizo, kama vile naachiwa kichanga. Jumatatu asubuhi nikafika, nimechelewa kama kawaida, lakini kwa kuwa sikuwa na mtu wa kunitangulia, nikawa mimi niliyewahi. Nikacheka peke yangu. Nikatoboa kidole, nikakausha vidoa, mchana nikapanga sahani, nikailaza.

Jumanne asubuhi nikaisoma. Safu nne za kwanza zilikuwa kama siku zote. Safu ya tano, ile ya misuli, namba ya mzima ilikuwa kumi na tatu.

Kwetu huwa ni sita. Miaka yote huwa ni sita, sita na nusu, tano na kitu. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba nimeharibu: nimetia damu mara mbili, au nimekosea dawa, na karatasi za watoto wa siku ile zimekwenda na maji. Wazo la pili, na hili naliona aibu zaidi, lilikuwa kwamba nifute, nirudie, na Mama Vidoa asijue. Nikarudia. Safari hii nikamwomba mlinzi kidole chake, na cha mama anayetufanyia usafi, ili nione ni mimi au ni mashine.

Mlinzi alinyoosha mkono bila kuuliza sana. "Chukua tu," alisema. "Kidole kimoja hakivunji chawa."

Jumatano asubuhi nikasoma. Mimi, kumi na tatu. Mlinzi, kumi na mbili. Mama wa usafi, kumi na nne.

Nilisimama mbele ya mashine nikiwa na kalamu mkononi. Sikuwa nimeharibu kitu. Watu watatu wasio na udugu wowote tulikuwa tunafanana, na aliyekuwa tofauti ni yule asiyekuwepo. Mama Vidoa alikuwa nusu yetu. Na mtu mwenye nusu, katika ugonjwa huu, tunajua ni nani. Ni mtu ambaye haumwi, hataumwa, lakini amebeba ugonjwa upande mmoja wa urithi wake. Ndiye tuliyekuwa tunawalinganisha watoto wote naye. Tulikuwa tunapima vitambaa kwa rula iliyokatwa katikati.

Hesabu ya Kasuku sikuhitaji kuitafuta kwenye daftari, niliijua kwa moyo. Asilimia ishirini na saba ya mtu mwenye sita ni moja na nukta sita. Nikaigawa kwa kumi na tatu. Nikapata asilimia kumi na mbili. Nikarudia, nikapata kumi na mbili. Nikakaa kwenye ndoo ya kufulia makoti.

Mchana ule nilikwenda kwa dada. Nilijiambia naenda kusema. Nilipanda ghorofa nne nikiyapanga maneno, na mlango ulipofunguliwa maneno yote yakayeyuka. Dada alikuwa anashona, pini mdomoni. Kasuku, miaka tisa sasa, alikuwa ameketi sakafuni anachambua vifungo, anaongea bila kituo kuhusu mwalimu wao wa michezo anayemwita Kobe. Alinisimulia kama mzaha. Kisha dada akamwambia amletee mama mdogo kiti.

Akapiga magoti. Akaweka mikono sakafuni, kisha kwenye magoti, kisha mapajani. Nilisikia pumzi yake. Dada, bila hata kugeuza kichwa kutoka kwenye cherehani, akanyoosha rula na kumgusa mguu. "Inuka kama watu."

Nilitaka kumpokonya rula ile niivunje. Sikufanya kitu. Nilikaa kwenye kiti nilicholetewa, nikanywa maji, nikaaga. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nayaficha maradhi yasiyo yangu. Siku ile niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na sikuogopa ugonjwa peke yake. Nilimwogopa dada yangu. Niliogopa siku atakayoitoa karatasi ile kwenye plastiki na kuitazama sahihi.

Ijumaa nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mlinzi alidhani kuna msiba. Mama Vidoa alipoingia na begi lake la safari akanikuta nimesimama kwenye sinki.

"Leo jua limechomozea wapi?" alisema, akaanza kucheka. Akaweka begi chini, akanyoosha mkono kwenye kisanduku cha sindano kama anavyofanya kila siku.

"Usitoboe, mama," nikamwambia.

Akaniangalia usoni, na kicheko kikakatika. Nikampa karatasi ya namba. Alivaa miwani, akasoma safu ya kwanza mpaka ya nne haraka haraka, alipofika ya tano kidole chake kikasimama. Kidole kile kile, chenye vialama vidogo vidogo vya miaka yote. Nilimwona akielewa. Mtu wa kawaida angeuliza, angebisha. Yeye alikuwa ameshafika mwisho wa hesabu kabla sijafungua mdomo, na uso wake ukawa wa kijivu.

"Kasuku," alisema.

"Kumi na mbili," nikamjibu.

Akavuta kiti, akakaa. Na mimi, badala ya kumhurumia, nikamchemkia. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mkubwa wake. Nilimwambia miaka thelathini anachungulia damu za watoto wa watu na yake hakuwahi kuichungulia hata siku moja. Nilimwambia nyani haoni kundule. Nilimwambia dada yangu anampiga mtoto mgonjwa kwa ruhusa yetu, na ruhusa hiyo nimeiandika mimi kwa sababu yeye alisema mzima. "Ungejipima mara moja tu," nilisema. "Mara moja. Ungemshika mlinzi pale getini, ungelinganisha. Ilikushinda nini?"

Alisubiri nimalize. Kisha akanieleza kile alichokuwa anakificha nyuma ya vyupa.

Alipokuwa na miaka minane, mama yao alijifungua mtoto wa kiume. Mama alikuwa anafanya kazi, kwa hiyo mtoto alikuwa wa mgongoni kwa dada mtu. Alikuwa mtoto mnene mzuri, lakini mlegevu. Shingo haikukaza, mikono ilining'inia. Alipofika miezi tisa akaanza kuhema, na siku mbili baadaye akafa. Hospitali walisema moyo ulikuwa mkubwa, hawakujua zaidi. Lakini shangazi yake mmoja, katika wale wenye kusema kila linalowajia mdomoni, alisema mbele ya watu wote waliojaa msibani: huyu mtoto ameangushwa. Na watu wote wakamgeukia msichana wa miaka minane.

"Na ulimwangusha?" nikamuuliza.

"Sijui. Aliwahi kuniteleza mara moja kwenye ngazi. Nilimdaka. Nadhani nilimdaka." Alikuwa anakisugua kidole. "Nilipofika chuoni, nikasoma habari za ugonjwa huu, nikamwona mdogo wangu kwenye kila mstari. Nikajua kwamba kama ni huu, wazazi wetu wote wawili walikuwa wameubeba, na mimi huenda nimeubeba. Ningeweza kujipima siku yoyote. Niliogopa, Pilipili."

"Uliogopa kukuta umebeba?"

"Niliogopa kukuta sikubeba kitu. Kwamba niko mzima kabisa." "Maana hapo isingebaki sababu nyingine ila ile ya shangazi. Bora kutokujua. Na mtu akishajihesabu mkosaji, haoni ajabu kuwa yeye ndiye mzima. Wakosaji huwa wazima. Kila asubuhi nilipotoboa kidole nilikuwa nasema moyoni, ni mimi niliyebaki."

Hasira yangu ikakosa pa kukaa. Haikuisha, msinielewe vibaya. Lakini nilimtazama yule mwanamke akiwa na karatasi moja mkononi, karatasi inayomwambia kwamba huenda hakumuua mdogo wake, na kwamba kwa miaka kumi na kitu amekuwa akiwarudisha watoto wagonjwa nyumbani. Angeifurahia vipi? Mganga hajigangi, husema watu, na husema kwa kucheka. Mimi sijaucheka tena msemo huo.

Aliinuka yeye kwanza. "Tunahitaji damu mpya ya mtoto," alisema, "na tunahitaji wazima saba."

Nilimchukua Kasuku shuleni mchana ule. Kwa dada nilisema uongo kwamba tunarudia watoto wote wa zamani, utaratibu tu. Tulikusanya vidole vya kila mtu aliyekuwa ndani ya jengo. Mama Vidoa alipanga sahani mwenyewe, akaangusha kiduara kimoja, akakiokota, akakitupa, akatoboa kingine. Saa kumi na moja jioni tukailaza. Alifunga kabati, na safari hii hakurudia kushika kishikio. Aliweka kiti mbele yake akakaa.

Asubuhi tuliwasha mashine. Kabla ya namba kuna picha ya sahani kwenye kioo. Vishimo saba vya wazima viliwaka bluu. Kishimo cha nane, cha kidole cha Mama Vidoa, kiliwaka hafifu, nusu nusu, ushahidi wake huo hapo. Cha tisa kilikuwa giza. Sikusubiri namba. Yeye alisubiri, akaisoma kwa sauti, kwa sababu ndivyo kazi inavyotaka: "Kumi na mbili." Kisha akaniambia nichukue mkoba, twende.

Nilimwambia nitakwenda peke yangu, ni dada yangu. Akasema hapana, ugonjwa huu yeye ndiye aliyeshindwa kuuona. Alipanda ghorofa nne akihema, akipumzika kila ghorofa, na kila akipumzika nilijua anafikiri nini.

Dada alitukaribisha vizuri, akaondoa vitambaa kwenye viti. Alimjua Mama Vidoa kwa sifa tu. Kasuku alikuwa sakafuni na vifungo vyake. Mama Vidoa hakuzunguka. Alieleza habari ya takataka na nyumba, akaeleza habari ya kidole chake, akasema karatasi aliyopewa miaka minne iliyopita haikuwa sahihi na kwamba mtoto anaumwa. Alisema kuna dawa ya kumrudishia kile kimeng'enya, inatiwa kwa dripu kila baada ya wiki mbili, na kwamba ameshaongea na daktari wa watoto na wanamsubiri Jumatatu. Alisema dawa itazuia mengi. Kisha akasema na lile lililobaki: misuli iliyokwisha kuharibika, yote haitarudi.

Dada alisikiliza mpaka mwisho. Alikwenda kabatini, akatoa mfuko wa plastiki, akatoa karatasi. Aliisoma kana kwamba hajawahi kuiona.

"Huu mwandiko wa nani?" aliuliza, na hakuwa anamuuliza Mama Vidoa.

"Wangu," nikasema.

"Ni mimi niliyemwambia aandike," Mama Vidoa akaingilia. "Kosa ni langu, mwanangu. Nilaumu mimi."

Kasuku, ambaye alikuwa amenyamaza kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, aliona mama yake amesimama na uso umebadilika. Akadhani amekosa kitu. Akaanza kuinuka haraka, apige magoti, aweke mikono, ajisukume, na huku anajitetea: "Nainuka mama, nainuka, ona, nainuka kama watu."

Mama Vidoa akaziba mdomo kwa kiganja. Dada alimwahi mtoto kabla hajafika nusu, akamshika chini ya makwapa, akamnyanyua mzima mzima kama kichanga, akamkalisha juu ya meza ya cherehani. Akamfuta vumbi kwenye magoti. Akakaa hapo kidogo ameinamia miguu ile. Kisha akaichukua rula ya mbao, akaja mpaka nilipokaa, akaiweka mapajani mwangu. Angenitukana ningepona haraka.

Hiyo ni miezi minane iliyopita. Kasuku anatiwa dripu yake, anawachosha wauguzi kwa maneno. Wamehamia chumba cha chini. Kuinuka bado anajisukuma, lakini daktari anasema kifua kimepata nguvu, na mwalimu wa michezo ameitwa akaelezwa. Mama Vidoa alipitia daftari lote, watoto elfu moja na mia tisa, akatoa kumi na tisa waliokuwa karibu na mstari, akawapigia simu wazazi wao mwenyewe, mmoja baada ya mwingine. Wakubwa walimshauri asubiri wanasheria. Hakusubiri. Wawili zaidi walikuwa wagonjwa. Baba mmoja alimwambia, "Umechelewa," akakata simu, na siku ile Mama Vidoa hakufanya kazi tena. Karatasi ya profesa juu ya sinki ameibandua. Sasa tunatumia vidole saba, na kila kimoja kimeandikwa jina la mwenyewe.

Bado anafika kwanza. Mimi nafika saa mbili na nusu, namkuta mezani, na hatuchezi tena ule mchezo wetu wa maneno. Dada ananijibu nikimsalimia, ananikaribisha chai, lakini matokeo yoyote ninayompelekea ya mtoto anampa mtu mwingine amsomee.

Rula iko kwenye droo yangu. Ndiyo ninayotumia kuchora mistari ya daftari, na kila ninapofika kwenye sehemu ya kuandika neno lile, naiweka chini yake, naikandamiza, na mkono unakataa kwa muda kabla ya kuandika.